Uchambuzi wa kisa: piezo iliyokosa besi jukwaani

Bendi yenyewe ni ya watu watano, inapiga wikiendi kwenye hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa Dar es Salaam. Kuanzia saa moja jioni wageni wanakula, kwa hiyo muziki unatakiwa uwe laini: rumba za taratibu, zilipendwa, gitaa kavu likiwa mbele pamoja na sauti ya mwimbaji. Ikifika saa tatu meza zinasogezwa na sebene linaanza. Mpiga solo alikuwa anakuja na magitaa mawili, la umeme na kavu, kwenye jukwaa ambalo drams peke yake zimekula nusu. Kila akibadilisha gitaa muziki unakatika, mwimbaji anabaki kusalimia wageni ambao alishawasalimia.

Ndipo akanunua gitaa moja la kumaliza yote. Ni la umeme, bodi ya mbao nzima isiyo na uwazi ndani, lina pikapu (vidaka sauti ya nyuzi) mbili za sumaku kama kawaida, halafu kwenye daraja, pale nyuzi zinapokaa juu ya bodi, kuna piezo sita ndogo, vidaka sauti vinavyogeuza mgandamizo kuwa umeme, moja chini ya kila uzi. Alilipata mkononi mwa mtu kwa bei nzuri. Magitaa ya aina hii si mageni. Parker Fly iliyotoka 1993 ndiyo iliyowafanya wengi wayajue, Ken Parker akiwa upande wa gitaa na Larry Fishman upande wa elektroniki; kampuni ya Fender nao wakaleta gitaa la Acoustasonic Telecaster mwaka 2019 kwa wapigaji wenye shida hiyo hiyo. La kwake halikuwa na jina kubwa, ila ahadi ni ile ile: geuza swichi, gitaa la umeme liwe kavu.

Usiku wa kwanza halikuwa. Mimi niliitwa wiki iliyofuata kukaa kwenye miksa.

"Fundi, hizi piezo ni feki," akaniambia kabla sijashusha begi.

"Kaka, chomeka kwanza tusikie."

Swichi ikiwa upande wa sumaku, gitaa lilikuwa safi kabisa, huwezi kulilaumu. Upande wa piezo ilitoka sauti nyembamba, kali, kama kijiko kinagonga sufuria, na nyuzi nene hazina mwili wowote. Katikati, mahali ambapo pikapu za sumaku na piezo zinatakiwa zichanganyike, hakukuwa na mchanganyiko: ilisikika sumaku tupu, piezo haipo. Hilo la tatu ndilo lililonivutia zaidi, kwa sababu kitu feki kingekuwa feki kila mahali. Piezo inayolia ikiwa peke yake na kupotea ikiwekwa pamoja na mwenzake inakwambia kuna jambo kwenye waya.

Tufuate njia ambayo sauti ilikuwa inapita. Kutoka kwenye gitaa, waya mmoja hadi pedali ya ovadraivu (ya kuikoroga sauti), kisha pedali ya ucheleweshaji, kisha amplifaya ya gitaa yenye spika ya inchi 12, mbele yake maikrofoni, maikrofoni hadi miksa, miksa hadi spika kubwa za nje. Kwa gitaa la umeme hiyo ndiyo njia yake na haina kasoro. Fundi aliyekuwepo usiku wa kwanza alisikia besi haipo, akaipandisha kwenye chaneli hiyo hadi kitufe kikagoma. Gitaa halikupata besi, ila jukwaa lote likaanza kuunguruma. Alichopandisha ni kile ambacho maikrofoni ile ilikuwa inasikia kule chini, yaani dramu la mguu na gitaa la besi vilivyosimama hatua mbili pembeni. Besi ya piezo haikufika kwenye maikrofoni, kwa hiyo hakukuwa na cha kupandisha.

Iliishia wapi, basi? Tukafungua kifuniko cha nyuma. Sehemu ya betri ilikuwepo, tupu, na waya zake zimekatwa karibu na mzizi. Priampu ya piezo, yaani kikuza sauti kidogo cha ndani ya gitaa, ilikuwa imeng'olewa. Mtu fulani huko nyuma, pengine baada ya priampu kufa, aliamua kuunga waya wa piezo moja kwa moja kwenye swichi, swichi ikaenda kwenye poti ya volumu ile ile ya pikapu za sumaku, poti ikaenda kwenye jeki moja ya mono. Uchomeaji wake ulikuwa msafi, nasema kweli, risasi inang'aa. Lakini alikuwa amefunga pamoja vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa chumba kimoja.

Pikapu ya sumaku ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye sumaku. Uzi wa chuma ukitikisika ndani ya uga wa sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye koili. Ukipima ukinzani wake kwa mita utapata kilo-ohm 6 hadi 8 kwa nyingi za kawaida. Piezo haina sumaku wala koili. Ni kipande cha fuwele au kauri ambacho kikibanwa kinatoa chaji ya umeme, tabia ambayo ndugu wawili Jacques na Pierre Curie waliionyesha mwaka 1880 huko Ufaransa. Haijali uzi ni wa chuma au wa nailoni. Inachosikia ni mgandamizo. Ndiyo maana ikatua kwenye magitaa makavu. Kampuni ya Ovation ya Marekani, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta, ni miongoni mwa walioieneza sana majukwaani. (Helikopta na gitaa: mtu aliyeshughulika maisha yake yote na mitikisiko alijua pa kuitafuta.)

Sasa, kwa umeme, piezo ni kapasita, kitu kinachohifadhi chaji. Na kapasita ikilishwa kwenye mzigo (kifaa kinachopokea umeme wake) wenye ukinzani mdogo inakata besi. Chukua mfano wa piezo ambayo pamoja na waya wake ni nanofaradi 1. Namba halisi hutofautiana kati ya pikapu na pikapu, lakini hesabu inakwenda hivi hivi. Ukiipeleka kwenye mzigo wa mega-ohm 10, besi inaanza kupungua chini ya Hz 16 (mitikisiko 16 kwa sekunde), mahali ambapo gitaa halifiki. Ukiipeleka kwenye mega-ohm 1, ambayo ndiyo pembejeo (sehemu ya kuingizia sauti) ya amplifaya nyingi za gitaa, inaanza kupungua kwenye Hz 159. Gitaa letu lilikuwa na poti (kitufe cha volumu) ya kilo-ohm 500 ikisaidiana na pembejeo ya pedali ya mega-ohm 1. Vikiwa sambamba vinafanya kilo-ohm 333, na hapo mpaka huo wa besi unapanda hadi karibu Hz 480. Uzi wa E nene ni Hz 82. Kwa hesabu hiyo umepoteza desibeli 15 hivi kwenye noti ya chini kabisa kabla sauti haijatoka hata kwenye gitaa. Ukichukua waya huo huo na kuuchomeka kwenye pembejeo ya laini ya miksa, kilo-ohm 10, mpaka unakwenda Hz 16,000 hivi, na kinachobaki ni mikwaruzo ya kucha.

Na ile nafasi ya katikati? Piezo ilikuwa imewekwa sambamba na koili ya kilo-ohm 8. Huo ndio mzigo mdogo kuliko yote niliyotaja. Koili ilikuwa inaimeza piezo. Mpiga gitaa alikuwa anageuza swichi katikati akidhani anachanganya, kumbe anaizima.

Kwa hiyo kulikuwa na makosa mawili, moja juu ya jingine. La kwanza ni la ndani ya gitaa, priampu haipo. La pili lingebaki hata priampu ingekuwepo, nalo ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi: piezo kupitishwa kwenye amplifaya ya gitaa. Spika ya gitaa la umeme imetengenezwa iwe na mipaka. Juu ya Hz 5,000 hivi inashuka haraka, na ndiyo inayofanya ovadraivu isiwe kelele ya nyigu. Lakini ule mng'ao wa uzi, ule mguso wa kucha unaomfanya msikilizaji aseme hili ni gitaa kavu, sehemu yake kubwa iko huko juu. Ukiipitisha piezo hapo unabakiwa na katikati peke yake, tena sehemu ile ya Hz 2,000 hadi 4,000 inayochoma masikio. Piezo inataka spika zile zile za mwimbaji, zenye twita, spika ndogo ya sauti za juu.

Kuna watu wanaojaribu kulimaliza hili kwa ikwalaiza. Sikubaliani nao, angalau si kama hatua ya kwanza. Ikwalaiza inapamba sauti iliyofika, haiwezi kurudisha iliyokatwa njiani. Kwanza njia, halafu mapambo.

Fundi wa redio pale Kariakoo alitengeneza bafa ndogo, mzunguko wa kuilinda piezo na mzigo, kwa TL072, chipu inayopatikana kirahisi na ambayo pembejeo yake haili karibu chochote, pamoja na rezista ya mega-ohm 10 mbele yake. Inakula takriban miliampia 3. Betri ya alkalini ya volti 9 ina kama mAh 500, kwa hiyo ni zaidi ya saa mia ukikumbuka kuchomoa waya. Waya kutoka piezo hadi bafa ulikuwa mfupi, wa koaksia (wenye ngao ya chuma kuuzunguka), na uwazi wa ndani ukafunikwa karatasi ya shaba, kwa sababu sehemu hiyo ya mzunguko inadaka mvumo wa umeme kama antena.

Suala la jeki lilihitaji mjadala. Magitaa mengi ya kiwandani yanatumia jeki moja ya stereo, ncha inabeba sumaku na pete inabeba piezo, kisha waya wa kugawanya chini. Ni nadhifu. Ila kwenye mzunguko mdogo uliotengenezwa mkononi kuna mtego: pete ndiyo hutumika pia kuwasha betri pale unapochomeka waya, na hapa pete ina kazi nyingine. Utalazimika kutafuta jeki yenye swichi yake ya pembeni, au kuweka kiswichi cha betri ambacho siku moja kitasahaulika kikiwa kimewashwa. Tukachagua kutoboa tundu la pili. Jeki ya juu sumaku, jeki ya chini piezo, na pete ya jeki ya piezo inawasha betri kwa utaratibu wa kawaida. Mwenye gitaa alisita kidogo aliposikia drili inaletwa. Nyaya mbili akazifunga pamoja kwa utepe, zikawa kama waya mmoja mnene.

Kuanzia hapo gitaa likawa na njia mbili. Sumaku inapita pedali, amplifaya, maikrofoni, kama zamani. Piezo inaingia kwenye boksi la DI, kifaa cha kupeleka ala moja kwa moja kwenye miksa, kisha kwenye chaneli yake yenyewe kwenye miksa. Kwa kuwa sasa bafa iko ndani ya gitaa, DI yoyote ya maana inatosha. Asiye na bafa ndiye anayelazimika kutafuta DI yenye pembejeo ya mega-ohm 10. Swichi ya gitaa inachagua sumaku, piezo, au vyote, na safari hii vyote ni vyote kweli, kwa sababu havikutani popote hadi kwenye miksa.

Sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa nene mno. Hiyo ni dalili njema. Nilikata kila kitu chini ya Hz 90, nikapunguza desibeli 4 kwa upana kwenye Hz 2,000 na kitu, nikaongeza rivabu ndogo ya chumba, yaani mwangwi mfupi, kwa sababu bodi ya mbao nzima haina chumba chake. Gitaa kavu halisi lina hewa ndani inayovuma. Hili halina, na ukiwa karibu na spika unalijua hilo. Wapo wanaotumia vifaa vya kidijitali vinavyobandika picha ya sauti ya bodi ya gitaa halisi juu ya piezo. Vinafanya kazi, nimevisikia. Kwa meza za nje, upepo wa bahari na sahani zinazogongana, sikuona haja ya kumwingiza kwenye gharama hiyo. Na ule ukavu wa bodi una faida yake: gitaa lenye uwazi ndani likisimama mbele ya monita linaanza kuvuma, hili linakaa kimya.

Kuweka kiwango cha chaneli kulinichukua muda kuliko ikwalaiza. Wapigaji wakiombwa wajaribu sauti hupiga kwa adabu. Nikamwambia apige kodi kama anavyopiga mwishoni mwa wimbo, wakati drams zimepanda. Taa nyekundu ikawaka. Piezo ina mruko mkubwa pale uzi unapoguswa, mkubwa kuliko sumaku, na mruko huo ukikatwa kichwa ndipo inapotoka ile sauti ya bata ambayo watu hudhani ni tabia ya piezo. Sehemu ni tabia yake kweli. Sehemu kubwa ni kiwango kilichowekwa kwa kumsikiliza mtu anayebembeleza nyuzi.

Halafu kuna monita, spika inayowaelekea wanamuziki wenyewe. Piezo haitoki tena kwenye amplifaya iliyo nyuma yake, kwa hiyo asiporudishiwa kwenye monita hajisikii. Hoteli ile ina monita moja mbele, ya mwimbaji. Kwenye mazoezi ya mchana, mpiga gitaa alipohamia piezo alianza kupiga kwa nguvu zaidi na zaidi, sauti ikawa kali zaidi na zaidi, akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemchezea. Alikuwa hajisikii, basi. Tulisogeza monita katikati ya wawili hao na nikaingiza piezo kidogo tu. Mkono wake ukalegea hapo hapo.

Kingine alichokigundua mwenyewe ni saa yake ya mkononi. Piezo inasikia kila kinachogusa daraja na mbao. Kiganja alichozoea kukilaza kwenye daraja kukata nyuzi kilitoka kwenye spika kubwa kama mtu anagonga mlango, na kamba ya chuma ya saa ilikuwa inakwaruza ukingo wa bodi. Saa ikahamia mkono wa kushoto. Kiganja kitachukua muda.

Mvumo wa Hz 50 ulikuja, nao ulitarajiwa. Gitaa moja sasa limeunganishwa na amplifaya upande mmoja na miksa upande mwingine, kila moja ikiwa na njia yake ya kwenda ardhini kupitia soketi yake. Hiyo ni duara, na duara inavuma. Boksi la DI lina swichi ya kutenganisha ardhi ya sauti. Tukaibonyeza, mvumo ukaisha. Nasema ardhi ya sauti kwa makusudi. Nimeona ekstensheni za majukwaani ambazo pini ya ardhi imevunjwa ili mvumo uishe, na hapo unamweka mtu aliyeshika nyuzi za chuma katikati ya amplifaya na maikrofoni. Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwezi Mei 1972, kwa kugusa maikrofoni isiyo na ardhi. Usiku ambao hoteli inahamia jenereta nakagua soketi kwanza, muziki baadaye, na amplifaya na miksa vinachukua umeme sehemu moja.

Bado nafasi ya katikati. Sauti zote mbili zilikuwepo, lakini vikichanganywa besi inapungua badala ya kuongezeka. Maana yake moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Miksa kubwa zina kitufe cha kugeuza; hii haikuwa nacho, kwa hiyo nilitengeneza waya mfupi wa XLR (aina ile ya maikrofoni) wenye pini 2 na 3 zilizobadilishana, nikauweka baada ya DI na kuufunga utepe mwekundu usije ukatumika kwa maikrofoni. Alipopiga E nene akaiacha ilie, tofauti ilisikika hadi kwa mhudumu aliyekuwa anapanga glasi.

Nyuzi hatukuzibadilisha. Anatumia seti ya 10 hadi 46 ya nikeli, ambayo uzi wa tatu haujasokotwa, na kwenye piezo uzi huo unasikika mwembamba kuliko wenzake. Seti ya 11 yenye uzi wa tatu uliosokotwa ingelisaidia gitaa kavu na kuumiza solo. Nyuzi za shaba za gitaa kavu hazifai kabisa, pikapu za sumaku hazizisikii vizuri. Alikataa seti ya 11, na kwa mtu anayelipwa kwa ajili ya sebene nadhani alikataa sawa.

Anaponiuliza kama sasa auze lile gitaa kavu, namwambia hapana. Kuna kazi za sauti moja na gitaa moja, kwenye harusi ndogo au mbele ya watu wanaosikiliza kweli, ambapo gitaa lenye uwazi ndani na maikrofoni nzuri haliguswi na piezo yoyote. Hili la njia mbili ni la usiku wenye mabadiliko, wimbo hadi wimbo, wakati mwingine ubeti hadi ubeti.

Tunachobishania bado ni ile nafasi ya katikati. Baada ya kuisikia ikiwa nzima anataka kuitumia kila wimbo, kwa sababu inajaza. Inajaza kweli, na inachojaza ni pale pale anapokaa mwimbaji. Kwa sasa tumekubaliana: nyimbo za mlo atumie anavyotaka, sebene likianza swichi inarudi kwenye sumaku, na mimi naizima chaneli ya piezo kwenye miksa hata kama yeye amesahau.